Banda Kwanza, Simbilisi Baadaye

Ndugu mfugaji, leo tuzungumzie mnyama ambaye wengi wetu hapa Suma tunamchukulia kama mchezo wa watoto, yaani simbilisi. Wapo wanaomwita pimbi, ingawa pimbi wa kweli ni yule wa porini anayekaa kwenye miamba. Simbilisi yuko kundi moja na panya, wanyama wenye meno yanayokua maisha yao yote. Asili yake ni milima ya Andes, Amerika ya Kusini, na huku nyanda za juu kusini amefugwa kwa miaka mingi, Iringa, Njombe hadi kwetu Rungwe.

Msimamo wangu nausema mapema: asiye na banda asinunue simbilisi, asipewe simbilisi, wala asimruhusu mtoto kuleta simbilisi nyumbani. Banda likamilike kwanza, ijulikane majani yatatoka wapi, ndipo mnyama aingie.

Najua wapo watakaosema afisa anakuza jambo dogo. Lakini hebu tujiulize. Kwa ng'ombe wa maziwa kanuni hii tunaikubali wote. Waliopata mtamba kwa utaratibu wa kopa ng'ombe lipa ng'ombe walitakiwa kujenga banda na kupanda majani kabla ya kukabidhiwa mnyama. Hakuna aliyeona ni usumbufu, na ng'ombe wa kufungia ndani wameifanya Rungwe ijulikane kwa maziwa. Kwa nini basi tunapokuja kwa mnyama mdogo tunamleta ndani ya boksi la sabuni na kumwachia sakafu ya jikoni?

Jibu tunalijua. Simbilisi ni wa bei ndogo, na mwenyewe ni mtoto au bibi. Mimi nasema hiyo ndiyo sababu ya kumwandalia vizuri zaidi. Fedha ya ng'ombe ina wenyewe, na ya parachichi na chai vilevile. Simbilisi ni mfugo ambao mtoto wa darasa la tano anaweza kusema "huyu wangu" bila baba kumpinga, na mama anaweza kumuuza apate daftari na sabuni bila kikao. Mtoto huyo akiamka asubuhi akakuta paka amemaliza wote watatu, atajifunza kwamba mifugo ni bahati nasibu. Tutakuja kumhubiria ufugaji bora akiwa na miaka ishirini, na hatatusikia.

Mbona bibi zetu walifuga jikoni?

Hoja hii naisikia kila mara na naiheshimu. Bibi zetu hawakukosea kwa wakati wao. Jikoni palikuwa na joto la moto, na simbilisi hastahimili baridi yenye unyevu kama hii yetu. Palikuwa na maganda ya ndizi na majani muda wote. Usiku mlango ulifungwa, na mnyama alijificha nyuma ya kuni.

Lakini tuangalie pia kilichokuwa kikipotea. Simbilisi wakikaa mchanganyiko sakafuni, dume hupanda mama, kisha binti, kisha mjukuu. Jike huweza kushika mimba akiwa na umri wa mwezi mmoja tu, kabla mwili wake haujakomaa. Baada ya vizazi vichache unaona watoto wadogo kuliko wazazi, wanaozaliwa wafu au dhaifu. Watu husema mbegu imechoka. Mbegu haikuchoka, ila ndugu wamezaana kwa ndugu kwa sababu hakuna aliyeweza kuwatenganisha. Zaidi ya hapo, moshi wa kuni huwaumiza mapafu, maji ya moto huwamwagikia, na kinyesi na mkojo wao hukaa pale pale tunapoandaa chakula. Panya wa nyumbani nao huja kula mabaki na kuleta viroboto.

Kwa hiyo tuchukue mazuri ya bibi, yaani joto, maficho na majani mabichi, tuyahamishie kwenye banda.

Banda lenyewe

Chagua mahali pasipopigwa na upepo wala mvua ya kusukumwa. Kwetu mvua ni nyingi, na mwezi wa sita na wa saba baridi ni kali, kwa hiyo ukuta wa nyuma na wa pembeni uzibwe kabisa, na upande wa mbele uachwe wazi kwa wavu ili hewa ipite. Banda la kuegemeza kwenye ukuta wa nyumba linafaa sana. Ukiezeka kwa bati, liweke juu vya kutosha au tandaza nyasi juu yake, maana simbilisi huumia haraka kwa joto kali kama anavyoumia kwa baridi.

Kwa kuanzia, chumba cha meta 1.5 kwa meta 1 kinatosha dume mmoja na majike manne au matano pamoja na watoto wao wanaonyonya. Simbilisi si hodari wa kuruka wala kupanda, hivyo ukuta wa sentimeta 45 hadi 50 unamzuia kutoka. Kizuizi kirefu na mfuniko ni kwa ajili ya maadui zake, yaani paka, mbwa, vicheche, nyoka na panya. Kwa hiyo usiache juu wazi hata kama banda liko ndani ya stoo.

Vifaa vipo hapa hapa. Mabanzi kutoka kwa wapasua mbao na mianzi vinatosha kuta zote. Mbao zilizopakwa dawa ya mchwa usitumie, kwa kuwa simbilisi hutafuna kila kitu. Wavu wa kuku wenye matundu makubwa humzuia paka lakini panya hupita. Tafuta wavu mgumu ambao kidole chako kidogo hakipiti.

Sakafu ndiyo inayowashinda wengi. Usiweke wavu mtupu, kwa sababu miguu ya simbilisi haina manyoya chini, itachubuka na kufanya vidonda, na watoto watanasa. Weka mbao zilizobanana au udongo ulioshindiliwa ukainuliwa kuliko ardhi ya nje, kisha tandaza majani makavu, maranda au pumba za mpunga kutoka Kyela. Vumbi laini la mbao lisitumike, linaziba pua. Malalio yakilowa, toa. Kwa kawaida mara moja au mbili kwa wiki inatosha, na unachokitoa ni samadi nzuri kwa mchicha na migomba.

Kama banda limeinuliwa kwa miguu, kila mguu ukae ndani ya kopo lenye oili chafu. Siafu wakiingia usiku hawabakizi kitu, na simbilisi aliyefungiwa hana pa kukimbilia.

Mwisho, weka maficho, mfano boksi la mbao lenye milango miwili au chungu kilichovunjika mdomo. Simbilisi ni mwoga kwa asili. Asipokuwa na pa kujificha hukaa kwa hofu, hali vizuri, na jike mwenye mimba anaweza kuitupa.

Vyumba viwe viwili

Hapa naomba nisisitize. Usijenge chumba kimoja ukasema cha pili utajenga wakiongezeka. Wataongezeka kabla hujapata misumari. Mimba ya simbilisi huchukua siku 59 hadi 72, na watoto, mara nyingi wawili hadi wanne, huzaliwa na manyoya, macho wazi, na ndani ya siku moja mbili wanaanza kuguguna majani. Wakifikisha wiki tatu, watoe kwa mama, madume waende chumba cha pili. Ukichelewa, dada watashika mimba ya baba yao.

Jike apandishwe akiwa na umri wa miezi mitatu hivi. Usimfiche pia hadi apite miezi sita au saba bila kuzaa, kwa kuwa mifupa ya nyonga yake hukaza na uzao wa kwanza unaweza kumuua. Dume kila baada ya muda mbadilishane na mfugaji wa mbali, si jirani ambaye mlinunua wote nyumba moja.

Chakula kijulikane kabla ya mnyama

Simbilisi anafanana na binadamu katika jambo moja ambalo wengi hawalijui: mwili wake hautengenezi vitamini C. Lazima aipate kwenye majani mabichi kila siku. Ukimlisha pumba za mahindi tu, baada ya wiki chache viungo huvimba, hatembei vizuri, vidonda haviponi, kisha hufa, na watu husema amerogwa. Sisi wenye kijani mwaka mzima hatuna sababu ya kufikia huko. Mabingobingo, guatemala, majani ya mahindi, marando ya viazi vitamu, mashona nguo machanga na majani ya ndizi vyote vinafaa. Yaache yanyauke kidogo kama yamelowa umande au mvua, yasitiwe yakiwa yamechemka kwenye gunia. Maji safi yakae kwenye kibakuli kizito cha udongo kisichopinduka.

Sasa onyo kwa wakulima wa hapa. Majani na magome ya mparachichi ni sumu kwa simbilisi, sungura na mbuzi. Kila kaya siku hizi ina miparachichi, na ukikata matawi mtoto huona majani mengi ya bure. Mwambie mapema. Majani ya viazi mviringo nayo yasiingie bandani. Vilevile, usikate nyasi pembezoni mwa shamba la viazi, nyanya au chai lililopigwa dawa karibuni. Panda mstari wako mwenyewe wa majani nyuma ya nyumba, hata hatua kumi, ujue kilichopita juu yake.

Neno moja kuhusu dawa. Simbilisi akiugua, usimchome penisilini iliyobaki ya ng'ombe, wala usimpe amoksilini ya watu. Dawa za jamii hiyo huua vijidudu vizuri vya tumboni mwake, naye hufa siku chache baadaye. Mtenge, muweke pakavu, kisha uliza mtaalamu wa mifugo.

Kwa wanaocheka

Kama bado unaona kumjengea nyumba ndugu wa panya ni kichekesho, tazama Morogoro. Pale Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, shirika la APOPO linafuga na kufundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini na makohozi yenye kifua kikuu. Panya wale wanatunzwa kwa ratiba, na wanaofanya kazi juani hupakwa mafuta ya kukinga jua masikioni na mkiani. Mmoja wao, Magawa, alizaliwa Tanzania akaenda kufanya kazi Kambodia, akagundua mabomu na milipuko zaidi ya mia moja. Mwaka 2020 alipewa medali ya dhahabu na shirika la PDSA la Uingereza, na alikufa Januari 2022. Simbilisi wako hatagundua bomu. Lakini mnyama wa ukubwa ule hutoa faida pale tu mtu anapomchukulia kama mnyama wa kutunzwa, si kama kitu kilichoanguka jikoni.

Kwa wanaogawa

Maneno yangu ya mwisho ni kwa vikundi, shule, makanisa na miradi inayogawa simbilisi au sungura kwa kaya na watoto. Nia ni njema. Lakini kumpa mama mnyama asiye na mahali pa kulala ni kumpa kazi na huzuni, kisha kuandika kwenye ripoti kwamba amewezeshwa. Fanyeni kama tulivyofanya kwa mitamba. Mjumbe apite, aone vyumba viwili, mfuniko, maficho na mstari wa majani, ndipo mnyama atolewe. Kama fedha ni chache, gaweni wanyama wachache na misumari mingi.

Na wewe mzazi, mwanao akikuomba simbilisi, usimkatalie na usikimbilie sokoni Tukuyu. Mwambie: tujenge kwanza. Wiki hii mtafute mabanzi, wiki ijayo mpige misumari na kuweka makopo ya oili, wiki ya tatu mpande mabingobingo. Likikamilika, liacheni wazi usiku mbili tatu mkiwa mmenyunyiza majivu sakafuni, mwone asubuhi kama kuna nyayo za panya au paka. Zikiwepo, zibeni tundu. Zisipokuwepo, nendeni mkanunue majike wawili na dume asiye ndugu yao.

Ukikwama kwenye vipimo, fika ofisi ya kata tuchore pamoja. Njoo na mtoto, kwa kuwa mfugaji ni yeye.