Usiuze maziwa ununue BCAA

Wasee, wiki hii nimekosana na binamu yangu na sioni nikimwomba msamaha.

Tuko nyumbani Olenguruone, baridi ya Mau imetubana kama kawaida. Yeye ana miaka 19, anakimbia mita 5,000. Aliposikia naenda Nakuru kurekodi video, akanipa 3,500, pesa ya maziwa, nimletee mkebe wa BCAA. Ati jamaa fulani mtandaoni amesema bila hiyo misuli inajila yenyewe. Nilirudi na pesa yake yote. Hajaniongelesha tangu Jumanne.

BCAA ni asidi amino tatu: lusini, isolusini na valini. Lakini kujenga misuli, mwili unahitaji asidi amino 9 ambazo lazima zitoke kwa chakula. Ni kweli lusini ndiyo inaamsha hiyo kazi. Sasa ukiwaamsha mafundi kwa mjengo na mawe hayajafika, watajenga na nini? Mwaka 2010 mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya, EFSA, ilipitia madai ya BCAA kuhusu misuli na uchovu. Ikasema hayajathibitishwa.

Najua wauzaji watawaletea ule utafiti wa Stockholm. Mwaka 1991 Eva Blomstrand na wenzake waliandika kwamba wanaume waliopewa BCAA kwa marathoni walikimbia vizuri zaidi. Somea hadi mwisho: ni wale wa polepole, wa saa 3 na dakika 5 hadi saa 3 na nusu. Wenye kasi hawakupata kitu. Mwaka 1995 Gerrit van Hall na wenzake wakajaribu kwa waendesha baiskeli. Hakuna tofauti.

Hapa ndipo napenda. Huyo huyo van Hall yuko kwa utafiti wa 2002 kuhusu chakula cha vijana Wakalenjin wanaokimbia. Walikuwa wanaishi kwa nini? Hasa mahindi na maharagwe. Mwaka 2004 Vincent Onywera na wenzake wakaangalia sahani za wakimbiaji 10 wakali wa Kenya: protini ilikuwa kama asilimia 10 tu ya nguvu ya chakula chao, gramu 1.3 hivi kwa kila kilo ya mwili. Kubwa ilikuwa wanga.

Na githeri si chakula cha kuchekwa. Mahindi yana lisini kidogo, maharagwe yanayo tele. Maharagwe yana methionini kidogo, mahindi yanajazia. Kogo hakusomea hiyo, lakini sufuria yake inafanya hesabu vizuri. Maziwa nayo yana zote 9. Yaani binamu yangu anauza kitu chenye 9 anunue unga wenye 3! Hapo ndipo nilipandwa na hasira.

Sitawadanganya kwamba kila mkebe ni bure. Beta-alanini, ambayo pia ni asidi amino, iko kwa orodha fupi ya vitu vyenye ushahidi mzuri ambayo jopo la IOC lilitoa 2018, pamoja na kafeini na kreatini. Inasaidia kidogo kwa juhudi kali ya dakika chache, ukiitumia kwa wiki kadhaa, na ngozi inaweza kukuwasha. Mtu wa 800 anaweza kuifikiria. Wa 5,000, sidhani.

Kinachoniogopesha zaidi ni kilicho ndani ya mkebe bila kuandikwa. Maabara ya Cologne, Ujerumani, ilipima virutubisho 634 kutoka nchi 13. 94 vilikuwa na steroidi ambazo hazikutajwa kwa lebo. Sisi ni majirani wa Keringet, kwao Faith Kipyegon, kwa hivyo kila kijana hapa akifunga kamba za viatu anaona Olimpiki. ADAK wakikupima wakapata kitu, “sikujua” haifuti matokeo. Kilicho mwilini mwako ni chako.

Nilimwambia hayo yote. Akasema nina wivu.

3,500 bado iko mezani, chini ya redio. Leo asubuhi nimemsikia akimuuliza jirani ni lini anashuka Nakuru.