Nyumba ya Mungu Nayo Iombe Ruhusa

Yapo maneno ambayo yakisemwa kanisani hapana athubutuye kuyapinga. Mojawapo ni haya: "Nyumba ya Mungu haiombi kibali kwa mwanadamu." Nimeyasikia katika vikao vya wazee wa kanisa, yakitamkwa kwa sauti nzito, na baada yake ajenda hufungwa, mafundi wakaitwa. Mimi nayapinga. Nayapinga kwa sababu yamebomoa kuliko mchwa, na kwa sababu mwenye kuyasema hamtetei Mungu. Anajitetea yeye mwenyewe asiulizwe.

Tuanze na ukuta. Makanisa mengi ya kale ya pwani yetu yalijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na mara nyingi kwa boriti. Ukuta wa namna hiyo hupumua: hunyonya unyevu wakati wa masika na kuutoa wakati wa kiangazi. Ukiupiga lipu ya saruji, umeuziba pua. Maji yaliyomo hayapati njia ya kutoka; chumvi hupanda, lipu huvimba na kubanduka, na vichwa vya boriti vilivyofichika ndani ya ukuta huanza kuoza pasipo mtu kuona.

Nalijua kanisa moja, ambalo sitalitaja jina, nilikokaa kikaoni nikalipinga jambo hilo, nikashindwa kwa kura. Saruji ikapigwa, rangi ya mafuta ikafuata, na ibada ya shukrani ikafanyika. Haikupita miaka mitano ukuta ukaanza kutoka jasho jeupe. Mchango ukaitishwa upya. Wajane waliotoa mara ya kwanza wakatoa tena mara ya pili, ili kubandua kile walichokigharimia. Je, huo ndio uhuru wa Kanisa? Mwashi anayeijua chokaa, laiti angeulizwa kabla, angaliyasema hayo kwa dakika kumi. Hiyo ndiyo kazi ya kibali: kutulazimisha kuuliza kabla, badala ya kujuta baadaye.

Watu huniambia: "Jengo ni letu, hati tunayo." Hati ya ardhi ni jambo jema, lakini haimalizi maneno. Tazama Kanisa Kuu la Kristo pale Mkunazini, Unguja. Soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873, na siku ya Krismasi ya mwaka uo huo jiwe la msingi la kanisa likawekwa mahali palepale. Nani mwenye jengo lile? Waanglikana, ndiyo. Lakini je, hawana neno vizazi vya wale waliouzwa pale, wawe Wakristo, Waislamu au wasio na dini? Ukibadili jambo pale, umegusa kaburi la watu ambao hawana kaburi jingine. Mwenye hati hawezi kusema hayo hayamhusu jirani.

Ndani ya kanisa hilo zipo nguzo zilizosimamishwa juu chini. Husimuliwa kwamba mafundi waliziweka hivyo wakati Askofu Edward Steere, aliyesimamia ujenzi, alipokuwa safarini. Fikiri, msomaji, kama ingekuja leo kamati yenye bidii na fedha mkononi: ingezigeuza kabla ya Pasaka, na kuandika katika taarifa kwamba kosa limesahihishwa. Pamoja na kosa ingefuta alama ya mikono iliyojenga. Majina mangapi ya waashi wale tunayo? Nguzo zile ndizo saini yao.

Mjuzi mmoja atanijibu kwamba Steere mwenyewe alitumia saruji, akaichanganya na matumbawe kujenga paa la kuba la kanisa hilohilo. Ni kweli. Lakini Steere alikuwa akijenga jipya, naye alilichukulia jambo hilo kama jaribio analolifikiria tangu msingi. Kujenga ni kazi moja, kukarabati ni nyingine. Mwenye kukarabati ameingia katika mazungumzo yaliyoanza kabla hajazaliwa; adabu yamtaka asikilize kwanza.

Na sheria yasemaje? Mji Mkongwe una mamlaka yake ya uhifadhi tangu mwaka 1985, na tangu mwaka 2000 umo katika orodha ya urithi wa dunia. Upande wa Bara, Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 hulinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Sasa hesabu: misheni ya Bagamoyo ilianzishwa mwaka 1868. Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu na lile la Azania Front, Dar es Salaam, ni ya miaka ya kupindukia karne ya 19 kuingia ya 20. Kwa tarehe hiyo makanisa ya kale ya Bara yamekosa mlango. Hulindwa pale tu yanapotangazwa rasmi. Yasiyotangazwa, kule vijijini na milimani, hayana mlinzi ila dhamiri ya kamati ya ujenzi, na nimekwisha kueleza dhamiri hiyo hufanya nini ikiwa na mifuko ya saruji.

Sitaki, hata hivyo, wenye ofisi wafurahi mapema. Kibali kinachokaa mezani mpaka paa likaanguka si uhifadhi. Mvua haisomi barua. Siku ya Krismasi ya mwaka 2020, sehemu ya Beit al-Ajaib ilibomoka pale Forodhani ilhali ukarabati ulikuwa ukiendelea, na watu wawili wakafa. Jengo kuukuu lililocheleweshwa huua. Ofisi inayomtaka mchungaji alete michoro ya mhandisi ili azibe kigae kimoja kinachovuja inamfundisha kufanya kazi usiku, na akishajifunza hatakuja tena hata kwa jambo kubwa.

Dawa ipo, wala si ngeni. Kanisa la Uingereza halipeleki mabadiliko ya majengo yake kwa serikali kama watu wengine. Lina mahakama zake za dayosisi na kamati za washauri. Lakini tangu mwaka 2016 kazi zimegawanywa wazi. Orodha ya kwanza ni ya matunzo madogo yasiyohitaji ruhusa. Ya pili ni ya kazi ambazo arkidikoni anaweza kuziruhusu kwa maandishi. Yanayobaki, yaani mabadiliko yenyewe, huenda kwa hakimu wa dayosisi, na waumini hupewa nafasi ya kupinga. Kuzibua mfereji hakulingani na kuhamisha madhabahu, na utaratibu wao unalijua hilo.

Kwa nini dayosisi zetu, za madhehebu yote, zisiwe na orodha kama hizo? Karatasi mbili zingetosha kuanzia. Kila kanisa lenye umri wa miaka hamsini au zaidi liandikwe na kupigwa picha. Mwashi wa chokaa akaguliwe jina lake na atunzwe kama tunavyomtunza mpiga kinanda. Serikali nayo iiondoe tarehe ile ya 1863, maana miaka haisimami. Na ofisi ipewe siku za kujibu. Zikipita pasipo jibu, matengenezo ya vifaa vilevile na umbo lilelile yaendelee.

Lakini la kwanza ni letu wenyewe. Tunakaa kikaoni watu kumi na wawili na kuamua juu ya jengo la vizazi sita. Waliolijenga wamekwisha kufa na watakaolirithi hawajazaliwa, hivyo hawawezi kupiga kura. Kibali ni kiti tulichowawekea. Anayekipiga teke kiti hicho asitumie jina la Mungu.