MAONI: Kijana, Kabla ya Kusifia Injini Kagua Springi

Ukipita Muthetheni na vijiji vya karibu huko Mwala, hutakosa boma lenye Peugeot 504 wagoni iliyoegeshwa chini ya mwembe. Ni gari la babu. Sasa vijana wanayafufua magari haya kwa injini za dizeli kutoka Toyota au Nissan, na hilo ni jambo la kupongezwa. Shida ni moja: pesa zote huishia kwenye injini, na springi zinaachwa zilivyokuwa.

Hii 504 si gari la mchezo. Ilishinda Safari Rally mwaka 1975 na tena 1978. Wagoni yenyewe imeundwa kubeba mzigo: nyuma ina ekseli nzima na springi nne za koili, mbili kila upande. Ndiyo maana iliwika sana kama matatu za masafa marefu.

Lakini hesabu ya kiwanda ilifanywa kwa injini yake. Ukiweka dizeli nzito ya chuma, pua ya gari inainama, usukani unakuwa mzito, na ukifunga breki ghafla gari linapiga magoti. Kwenye mteremko wa murram wenye mashimo, hapo hakuna mzaha.

Sasa ufanye nini? Kabla injini ya zamani haijatolewa, pima urefu kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi juu yake. Pima tena ukishaweka injini mpya. Tofauti hiyo itakuonyesha kama springi za mbele zinahitaji kubadilishwa na ngumu zaidi. Kisha badilisha na shoka zake. Springi hubeba uzito, shoka hutuliza mruko. Springi mpya ngumu na shoka iliyochoka ni gari la kudunda, na tairi linaloruka haliwezi kushika breki. Bushi zilizolika nazo zitoke, halafu gari lipigwe alaimenti.

Kuna wale wanaokata springi au kuzichoma kwa gesi ili gari likae chini, eti ndiyo swag. Wacheni hiyo. Springi iliyochomwa hupoteza nguvu yake, na gari la chini huku kwetu litalamba kila jiwe.

Nyuma nako usikimbilie kukaza. Jiulize kwanza: gari litabeba magunia ya maembe na mitungi ya maji, au watu watatu kwenda Masii? Springi ngumu kwenye gari tupu hurusha nyuma kwenye kona.

Mwisho, injini mpya iandikwe kwenye logbuku kupitia NTSA, na gari likaguliwe. Fundi wa jua kali anayekwambia "itakaa tu" hatakuwa ndani breki zikigoma. Wewe utakuwa ndani, pengine na mama yako akitoka sokoni. Kama bajeti haitoshi injini na springi, basi injini ingoje.