Mungu Anatuita kwa Majina Yetu

 

Mwezi huu tunataka kuzungumza juu ya wito wa Mungu katika maisha yetu. Kila tunapokaa na akina mama katika vikundi, swali hili halikosi: "Nitajuaje Mungu ameniitia nini? Mchungaji ana wito, mwinjilisti ana wito, lakini mimi ni mama wa nyumbani tu." Neno hilo dogo, "tu", ndilo lililotusukuma kuandika. Tumelisikia mara nyingi mno, na sisi wenyewe tumelisema.

Jina lililosahaulika

Siku mtoto wetu wa kwanza anapozaliwa, nasi tunapata jina jipya. Tunaitwa Mama Neema, Mama Baraka, Mama Yohana. Mwenye duka anatuita hivyo, jirani anatuita hivyo, na baba wa nyumba naye anatuita hivyo. Ni jina la heshima, nasi tunalifurahia. Wako dada zetu waliolilia jina hilo kwa miaka mingi, na wengine wanalilia hata leo.

Lakini miaka ikipita, jambo fulani hutokea polepole. Mmoja wetu alikwenda hospitali, akaandikisha kadi, akakaa kwenye benchi pamoja na wagonjwa wengine. Muuguzi akatoka akaita jina. Kimya. Akaita tena. Kimya. Alipoita mara ya tatu, mwenzetu akageuka kumtafuta huyo mama asiyesikia anapoitwa. Ndipo mama aliyekaa karibu yake alipoichungulia kadi aliyoishika mkononi akamwambia, "Si ni wewe?" Lilikuwa jina lake mwenyewe la ubatizo. Wote kwenye benchi walicheka, naye akacheka. Lakini alituambia baadaye kwamba njiani kurudi nyumbani hakucheka. Alijiuliza, "Kama nimesahau kuitika jina langu, je, nitamsikia Mungu akiniita?"

Twamkumbuka kijana Samweli katika 1 Samweli sura ya 3. Aliitwa usiku kwa jina lake, na mara tatu akaamka akamkimbilia mzee Eli, kwa kuwa hakuwa bado ameijua sauti ya Bwana. Mungu hakuchoka. Alimwita tena, mpaka Samweli akajua ni nani anayemwita.

Anayeita huita mtu

Hata lugha yetu inatufundisha. Neno "wito" limetoka katika "kuita". Na mtu anapoita, haiti kazi, anamwita mtu. Ukimwita mwanao aliye uani, kwanza unataka aje kwako. Akishafika ndipo unampa ndoo akachote maji, au unampa chai anywe, au unamtazama tu ujue kama homa imeshuka.

Bwana Yesu alifanya vivyo hivyo. Katika Marko 3:14 tunasoma kwamba aliwachagua wale kumi na wawili ili kwanza wawe pamoja naye, kisha awatume kuhubiri. Kuwa naye kulitangulia, kutumwa kukafuata. Wengi wetu tunahangaika juu ya wito kwa sababu tumeanzia mwisho. Tunauliza, "Nifanye nini?" kabla ya kusikia, "Njoo kwangu."

Tazameni pia jinsi wanawake walivyoitwa kwa majina yao. Martha alipokuwa akihangaika jikoni, Bwana alimwita kwa jina lake mara mbili (Luka 10:41). Hakumkemea kwa sababu ya kupika. Wageni walipaswa kula. Alimrudisha kwake, kwa maana mikono yake ilikuwa ikimhudumia Bwana huku moyo wake ukiwa mbali naye. Mariamu Magdalene alisimama kaburini analia, akamwona Yesu asimtambue. Alipoitwa kwa jina lake ndipo alipojua ni nani (Yohana 20:16). Naye Tabitha, aliyewashonea wajane nguo, alikuwa amelala maiti ghorofani huku wajane wakimwonyesha Petro kanzu na mavazi aliyowatengenezea. Petro alipiga magoti akaomba, kisha akamwita kwa jina, naye akafumbua macho (Matendo 9:40).

Basi mama mpendwa, kabla hujawa mama wa fulani au mke wa fulani, Mungu alikujua. Yeye hakuandikii kadi kwa jina la mtoto wako. Huu ndio wito wa kwanza, na hakuna aliye mdogo mno, maskini mno au mwenye kazi nyingi mno asiweze kuuitikia.

Makosa mawili tuliyoyafanya

Tunapenda kuwasimulia makosa mawili, si ya majirani zetu, bali yetu wenyewe.

Mmoja wetu alichaguliwa kuwa katibu wa akina mama kanisani. Alifurahi, akasema sasa wito wake umepatikana. Jumatatu kamati, Jumatano maombi, Ijumaa mkesha, Jumamosi mazoezi ya kwaya. Siku moja mgeni alibisha hodi akamkuta mtoto wake wa miaka 7 mlangoni. "Mama yuko wapi?" Mtoto akajibu bila chuki yoyote, "Mama anakaa kanisani. Hapa anakuja kulala." Mgeni alimweleza mama yule maneno hayo kama mzaha. Kwake yalikuwa kama kisu. Kazi aliyokuwa akiifanya ilikuwa njema, lakini aliichukua kana kwamba Mungu haonekani nyumbani kwake, kana kwamba wale watoto watatu walikuwa kizuizi cha wito wake.

Mwingine kati yetu alikosea upande wa pili. Kabla ya kuolewa alikuwa mwalimu wa shule ya Jumapili, na watoto walimpenda kwa jinsi alivyosimulia hadithi za Biblia kwa picha. Alipoolewa akazifunga picha zake katika sanduku chini ya kitanda. "Nikimaliza kulea nitarudi," alisema. Miaka 11 ikapita. Msimu mmoja wa mvua alilifungua sanduku akakuta mchwa wamezimaliza. Alikaa sakafuni akalia. Alikumbuka yule mtumwa wa Mathayo 25 aliyefukia talanta yake ardhini, akaona kwamba kulea hakukumzuia kamwe kusimulia hadithi. Hofu ndiyo iliyomzuia, naye akaipa hofu jina la kulea.

Jumamosi iliyofuata aliwakusanya wanawe wanne barazani, bila picha, akawasimulia habari za Danieli. Watoto wa jirani wakasogea. Baada ya majuma machache mumewe, bila kuombwa, akawatengenezea benchi.

Wenzetu hawa wawili walikuwa na ugonjwa mmoja. Wote waliamini kwamba nyumba na wito ni vitu viwili vinavyogombana, na kwamba lazima kimoja kife ili kingine kiishi.

Mama mmoja wa zamani

Mfano wa mama mmoja aliyeishi zamani huko Uingereza umetusaidia sana. Aliitwa Susanna Wesley. Alizaliwa mwaka 1669 akaolewa na mchungaji, wakakaa katika mji mdogo wa Epworth. Alizaa watoto 19, na 9 kati yao alizika wangali wachanga. Nyumba yao ilikuwa na madeni, hata mumewe alifungwa gerezani mwaka 1705 kwa ajili ya deni. Mwaka 1709 nyumba yao iliungua usiku, na mtoto wao Yohana, aliyekuwa na miaka 5, akaokolewa dirishani na majirani, mmoja akisimama mabegani mwa mwingine. Tusidhani basi kwamba alikuwa mama mwenye nafasi na raha.

Katikati ya hayo yote aliwafundisha wanawe mwenyewe. Tena alimtengea kila mtoto jioni yake katika juma, wakae wawili tu wazungumze mambo ya moyo. Jioni ya Yohana ilikuwa Alhamisi. Hata alipokuwa mtu mzima, Yohana aliikumbuka Alhamisi ile.

Majira ya baridi ya mwaka 1711 kuingia 1712, mumewe alikuwa London kwa mikutano ya kanisa. Jumapili jioni Susanna alisali na watoto na watumishi wa nyumbani, akawasomea mahubiri. Jirani mmoja akaomba kuja, kisha mwingine, mpaka wakafika watu kama 200. Mchungaji msaidizi hakupendezwa, akamwandikia mumewe. Mumewe naye akamwandikia Susanna akimshauri aache. Yeye hakujibu kwa kiburi, wala hakunyamaza. Alimweleza kwa heshima mema yaliyokuwa yakitokea, kisha akamwambia kwamba kama anaona lazima mikutano ikome, asimshauri tu, bali amwamuru waziwazi, ili lawama isiwe juu yake siku atakaposimama mbele za Mungu. Mumewe hakuendelea kumzuia.

Yohana Wesley na mdogo wake Charles walikuja kuanzisha uamsho ambao kutoka kwake lilizaliwa Kanisa la Methodisti. Mwaka 1862, miaka 120 baada ya Susanna kufa, wamisionari wa Kimethodisti walifika pwani yetu, wakaanza kazi Ribe karibu na Mombasa. Mama yule hakuwahi kulisikia jina la Ribe. Yeye alijua Alhamisi ni ya Yohana, basi.

Na hata kama hakuna mtoto wake ambaye angejulikana, wito wake ungekuwa kamili. Wako akina mama waliolea kwa maombi na watoto wakapotea. Wako waliozika. Mungu hapimi uaminifu wetu kwa umaarufu wa watoto wetu.

Tutatambuaje?

Tunawapa mambo machache tuliyojifunza.

*Kwanza, tuwe na saa ya kuitikia.* Si lazima iwe ndefu. Wengine wetu ni wakati wa kuwasha moto alfajiri kabla nyumba haijaamka. Mwambie Bwana kwamba mtumishi wake anasikia, kisha nyamaza kidogo. Wengi tunaomba sana lakini hatungoji jibu.

*Pili, tutazame kilicho mkononi.* Waefeso 2:10 inatufundisha kwamba Mungu alitutengenezea matendo mema tangu mwanzo ili tuenende nayo. Mara nyingi matendo hayo yako karibu: jirani aliyefiwa, binti wa kazi asiyejua kusoma, mama mkwe asiyeona vizuri. Kama mikono yako inajua kushona, mkumbuke Hana. Baada ya kumtoa Samweli kwa Bwana, kila mwaka alimshonea kanzu ndogo akampelekea (1 Samweli 2:19). Nadhiri yake ilitimizwa siku moja; upendo wake uliendelea kwa sindano mwaka hadi mwaka.

*Tatu, tuwaulize wanaotujua.* Eli ndiye aliyemsaidia Samweli kutambua sauti. Mtafute mama mcha Mungu aliyekutangulia, tena asiyependa kusifu ovyo. Umuulize, "Wewe unaona Mungu amenipa nini?"

*Nne, tuzungumze na waume zetu.* Tusiwafiche, wala tusitumie jina la Mungu kama fimbo ya kuwapigia. Kama mume hakubali, mweleze kwa upole na kwa wakati wake, si usiku amechoka. Umwombee, na uanze na lile ambalo halina ugomvi. Baraza la nyumba halihitaji ruhusa ya kamati.

*Tano, tukubali majira.* Mwenye mtoto mchanga na mwenye wajukuu hawabebi mzigo mmoja. Kinachowezekana mwaka huu huenda hakikuwezekana mwaka jana. Haba na haba hujaza kibaba. Lakini kila majira yana haba yake. Tusiseme "baadaye" mpaka mchwa wamalize.

Mwenzetu yule katibu aliacha kamati mbili, akabaki na moja. Jumatano jioni sasa ni ya watoto, mmoja mmoja kwa zamu, wakimenya viazi pamoja naye jikoni. Anasema hajawahi kusikia maungamo mengi namna ile hata katika mkesha.

Dada mpendwa, ukisikia leo mtu anaita "Mama Neema!", itika kwa furaha. Lakini kabla ya kulala, piga magoti ukakumbuke kwamba yuko akuitaye kwa lile jina lingine, na hajachoka kuita.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi

1. Ni lini mara ya mwisho mtu alikuita kwa jina lako la ubatizo? Ulijisikiaje?
2. Kati ya makosa yale mawili, lipi liko karibu nawe zaidi?
3. Je, kuna sanduku chini ya kitanda chako? Ndani yake mna nini?

Tuombe

Ee Bwana, unatujua kila mmoja kwa jina lake. Utusamehe tulipokimbilia kazi zako tukakuacha wewe, na tulipojificha nyuma ya watoto wetu ili tusikusikie. Utufundishe kuitika. Nyumba zetu ziwe mahali pa kukutumikia, na mikono yetu ifanye leo lile ulilotupa leo. Katika jina la Yesu Kristo, Amina.