Kizingiti cha Sauti na Hatima ya Ukanushi

Aghalabu, kutayarisha mitambo ya mikutano ya sauti huchukuliwa kuwa kazi ya fundi pekee. Dhana hii yafaa kusahihishwa. Siku hizi maikrofoni nyingi za mikutano huongozwa na programu ya tarakilishi, na humo ndimo huamuliwa sauti ipi ipite na ipi izimwe. Ili kudhibiti kelele za ukumbini, programu huwekewa kizingiti: maikrofoni hufunguka pale tu sauti inapokivuka. Kizingiti kikipandishwa mno, silabi ya kwanza humezwa.

Katika Kiswahili hasara hiyo si haba, kwani ukanushi hutangulia mwanzoni mwa kitenzi, tena mara nyingi kwa /h/, sauti iliyo hafifu. Mjumbe aliyekuwa kimya akitamka "Hatutakubali", aliye mbali husikia "Tutakubali". Mwenye kukataa amegeuzwa mwenye kuridhia!

Dawa ipo. Kizingiti chaweza kushushwa. Isitoshe, baadhi ya programu huichelewesha sauti kwa milisekunde chache ili maikrofoni ifunguke kabla ya silabi kupita. Lakini nani atamwambia fundi kwamba silabi hiyo ina uzito? Ni mwanafonolojia na mkalimani.

Umoja wa Afrika ulikiidhinisha Kiswahili kuwa lugha yake ya kazi mwaka 2022. Heshima hiyo haitoshi kubaki karatasini. Wataalamu wa lugha washirikishwe kabla ya kikao, na mitambo ijaribiwe kwa sentensi kanushi, si kwa kuhesabu "moja, mbili, tatu" tu.