Mnada wa Alama ya Sheria

Alama iliyofanywa ili kumtambulisha mtu mbele ya sheria haifai kupigwa mnada. Neno hili laonekana jepesi likitamkwa, na hapana mtu mwenye akili timamu atakayependekeza kuwa namba ya jalada la mahakama inadiwe, au alama ya dole gumba ikodishwe kwa atoaye bei kubwa. Lakini katika habari ya namba za magari nchi nyingi zimekubali kinyume chake pasipo kuona haya. Serikali imekuwa dalali, sheria imegeuka bidhaa, na kibao kilichofungwa garini ili kimshuhudie dereva kimekuwa kidani cha kumpambia.

Uingereza ni mfano ulio wazi, kwa sababu huko desturi hii ni kongwe na kanuni zake zimeandikwa kinaganaga. Sheria ya Motokaa ya 1903 iliwataka wenye magari kuyaandikisha, na kuanzia tarehe 1 Januari 1904 kila gari lilipaswa kuchukua namba. Sababu yake ilikuwa dhahiri. Motokaa ilikuwa chombo kigeni chenye mbio. Iliweza kumwangusha mtu au mnyama wake ikatoweka kabla aliyeanguka hajainuka. Farasi alijulikana kijijini, na bwana wake alijulikana pia. Motokaa haikuwa na uso. Namba ikawa uso wake. Tajiri apitaye kwa gari na maskini aendaye kwa miguu walifungwa kwa mkataba mmoja: yule ataendesha, na huyu ataweza kusoma.

Majivuno yalibisha hodi tangu siku hizo za mwanzo. Herufi A ilitolewa kwa London, na namba A 1 ilikwenda kwa Earl Russell, kaka yake Bertrand Russell mwanafalsafa. Tamaa ya kuwa wa kwanza ni udhaifu wa mtu, na udhaifu wa mtu husameheka. Kisichosameheka upesi ni serikali kuugeuza udhaifu huo kuwa kisima cha fedha. Mwaka 1989 idara ya serikali ya Uingereza isimamiayo leseni za madereva na magari ilianza kuuza yenyewe namba ambazo hazijapata kutolewa. Novemba 2014 namba 25 O ilinunuliwa mnadani kwa zaidi ya pauni 500,000, zikihesabiwa ada na kodi. Mnunuzi alikuwa mfanyabiashara wa Ferrari za zamani, na thamani ya namba ile ilikuwa katika herufi O: ikisomwa kama sifuri, kibao hutaja 250, aina ya Ferrari iliyo mashuhuri. Hapa ugonjwa wote umejidhihirisha. Alama iliyowekwa ili isomwe sawasawa ilinunuliwa kwa mali nyingi kwa kuwa yaweza kusomwa vingine.

Kanuni za biashara hii zastahili kutazamwa na kila asomaye sheria. Mwenye namba aweza kuihamisha kutoka gari moja hadi jingine, au kuivua garini akaiweka akiba. Akiiweka hulipa ada ya pauni 80 na kupewa hati iitwayo V778, ambayo humhifadhia haki yake kwa muda wa miaka 10, na muda ukikaribia kwisha aweza kuomba nyongeza. Namba mpya ambayo haijapata kuvishwa gari lolote ina hati yake mbali, V750. Mwenye hati aweza kumtaja mtu mwingine, na gari la mtu huyo likavishwa namba. Kwa njia hiyo namba huuzwa, huzawadiwa, na huachwa urithi. Madalali wa shughuli hii wapo, na wanaishi kwayo.

Ajabu yake ni kuwa dola hiyohiyo husema namba si mali ya mtu. Mnunuzi hapati namba. Hupata haki ya kuivika gari, na serikali yaweza kuitwaa akivunja masharti. Basi kitu kisichomilikiwa chapigwa mnada, kitu kisicho garini chahifadhiwa kama namba ya gari, na marehemu huwaachia watoto wake jambo ambalo hakuwa nalo. Sheria ikianza kuuza kitu isichokubali kuwa chauzika, huwa imekwisha kuipoteza haki ya kuwalaumu wanaochezea maneno yake.

Wateja wa biashara hii hawakukawia kujifunza kuchezea. Kanuni za Uingereza hutaja umbo la kila herufi, na nafasi iliyo kati ya fungu moja na fungu la pili. Avunjaye aweza kutozwa faini ya hadi pauni 1,000, tena aweza kunyang'anywa namba. Lakini ni namba chache mno zitamkazo jina la mtu kamili zikiandikwa kwa nafasi za haki. Ili tarakimu 5 iwe S, na 4 iwe A, na mafungu mawili yawe jina moja, ni lazima nafasi zisogezwe au parafujo ipachikwe mahali pasipo pake. Basi mtu huuziwa jina ambalo hawezi kulisoma mpaka avunje sheria, kisha hushitakiwa kwa kulisoma. Polisi wana kamera zisomazo namba barabarani, na kamera haijui utani wa mwenye gari. Muuzaji wa kishawishi na mtoza faini ni bwana mmoja, mwenye mikono miwili.

Jambo la pili ni umri. Tangu 1963 Uingereza ilianza kutia katika namba herufi ya kuonyesha mwaka, hata kibao kikawa kama cheti cha kuzaliwa cha gari. Utaratibu ulibadilishwa baadaye, lakini nia ilibaki. Sasa kanuni hukataza gari kuvishwa namba ya kulifanya lionekane jipya kuliko lilivyo. Katazo hilo ni ungamo kwamba namba ihamayo yaweza kusema uongo. Dawa iliyotolewa ni nusu dawa, maana namba isiyo na alama yoyote ya mwaka huruhusiwa, na gari kuukuu likivishwa hiyo huwa halina umri. Uongo wa upande mmoja umepigwa marufuku, na unyamavu wa upande wa pili umetiwa bei.

Watetezi wa biashara hii wana hoja tatu, na haifai kuzipita kana kwamba hazikusemwa. Ya kwanza ni kuwa hapana anayelazimishwa. Tajiri hulipa kwa hiari yake, hazina hupata, na maskini hapungukiwi kitu. Hoja hii ingekuwa na nguvu kama namba ingekuwa ya tajiri peke yake. Lakini namba ni ya watu wawili: ni ya avaaye, na ni ya asomaye. Aliyenunua alinunua upande wake, na upande wa asomaye uliuzwa bila ya kuulizwa mwenyewe.

Hoja ya pili ni ya sadaka, nayo ndiyo yenye sura nzuri kupita zote. Hong Kong imekuwa ikinadi namba maalumu tangu 1973 na kuyapeleka mapato katika mfuko wa misaada. Abu Dhabi, Februari 2008, namba 1 iliuzwa kwa dirham milioni 52.2. Dubai, Aprili 2023, namba P 7 ilifika dirham milioni 55, na fedha zikaelekezwa katika mpango wa kuwalisha wenye njaa. Chakula ni chakula, na aliyeshiba hamuulizi mpishi kuni zilitoka wapi. Hata hivyo mwenye dirham milioni 55 aliweza kuzitoa bila ya kupewa kibao. Ikiwa asingezitoa pasipo kibao, basi kilichonunuliwa ni ukubwa, na njaa ya watu imetumiwa kuwa utandu wa kuufunika. Tena kama dola yaona kuwa matajiri wana ziada ya kulisha wenye njaa, inayo njia ya zamani na ya heshima ya kuichukua ziada hiyo, nayo huitwa kodi. Kodi hudaiwa kwa haki na hailipwi kwa vyeo.

Hoja ya tatu ndiyo yenye ukweli zaidi. Husemwa kwamba namba fupi au jina la mtu hukumbukwa upesi; aliyegongwa na P 7 hatahitaji kalamu. Ni kweli. Lakini kukumbuka ni nusu ya ushahidi. Nusu ya pili ni kuthubutu kusema. Namba ya kawaida huficha cheo cha mtu. Askari aliyesimama juani hajui kama gari lijalo ni la waziri, la mwalimu au la muuza samaki. Humsimamisha kwa kuwa amekosa. Namba ya mnada humpigia mbiu mapema: mwenye kuja ni mtu wa mamilioni. Waswahili walikwisha kuliona jambo hili waliposema, mwenye nguvu mpishe. Sheria iliwekwa ili methali hiyo isiwe kanuni ya barabara. Dola iuzayo vibao vya ukubwa huirudisha methali barabarani na kuitia mhuri.

Habari hii si ya ng'ambo tu. Tanzania nayo huuza namba zenye majina ya watu binafsi, na katika bajeti ya mwaka 2016/17 ada yake iliongezwa kutoka shilingi milioni 5 hadi milioni 10 kwa kila miaka mitatu. Magari mengine ya watu binafsi huchukua herufi T, tarakimu tatu na herufi tatu, kwa zamu, kama watu wasimamavyo kisimani. Zamu hiyo ni kitu kidogo chenye maana kubwa. Ni mahali pamoja kati ya pachache ambapo fedha haimtangulizi mtu. Penye udhia penyeza rupia, husema watu wakiwa wamechoka. Haipendezi hazina ya umma kuichukua kauli ya uchovu huo na kuifanya orodha ya bei.

Wala haisemeki kuwa jambo hili halina budi. Uholanzi namba hupewa gari na hukaa nalo maisha yake yote. Ufaransa nayo ilishika njia hiyo kwa utaratibu wake wa mwaka 2009. Katika nchi hizo matajiri wapo, magari ya fahari yapo, na hazina hazikufilisika kwa kukosa mnada wa vibao. Kanuni ifaayo ni fupi: namba itolewe kwa zamu, isihamishwe, isiwekwe akiba, isiuzwe, na ife pamoja na gari. Atakaye kutangaza jina lake na aliandike mlangoni mwa nyumba yake, maana nyumba haimkimbii mtu iliyemwangukia.

Mtoto akiangushwa kando ya njia, na gari likaenda zake, shahidi hupata nukta chache za kutazama nyuma yake. Katika nukta hizo hana wakili, hana cheo, wala hana fedha. Ana macho na kibao. Huo ndio mkataba wa 1904, na upande wake yeye hakuna aliyepewa ruhusa ya kuunadi.