Kujua kwamba unaota, ungali umelala



Kila asubuhi, kabla chai haijachemka juu ya mbabula, ndoto za usiku zinasimuliwa nyumbani. Huyu ameota nyoka, yule ameota meno yanamtoka, mtoto ameamka akilia kwamba mtu alikuwa anamkimbiza. Swali letu huwa moja: ndoto hii inamaanisha nini? Juma hili tuulize swali lingine. Je, mtu anaweza kujua kwamba anaota wakati angali amelala? Anaweza. Na anayetaka kujifunza anaweza kuanza usiku wa leo, bila dawa na bila kulipa franga hata moja.

Jambo hili ni la zamani. Mtakatifu Augustino, askofu wa Hippo, aliandika katika barua ya karibu mwaka 415 habari za daktari mmoja, Gennadius. Kijana alimtokea katika ndoto akamwuliza mwili wake uko wapi. Gennadius akajibu kwamba uko kitandani, na hapo akatambua kuwa amelala. Siku zetu watafiti wamelithibitisha. Mtu anapoota sana, mikono na miguu hulegea kabisa, lakini macho huendelea kucheza chini ya kope. Mwaka 1975, huko Hull, Uingereza, mtafiti Keith Hearne alipatana na Alan Worsley kwamba akijitambua ndani ya ndoto, apeleke macho kushoto na kulia. Mashine ilionyesha kuwa amelala, na macho yakatoa alama waliyopatana. Baadaye Stephen LaBerge, wa chuo kikuu cha Stanford, Marekani, alifanya vile vile, akatengeneza pia njia ya kuwafundisha wanaoanza.

Namna ya kuanza

Kwanza, kumbuka ndoto zako. Ukiamka, usiruke mara moja kwenda kuchota maji. Baki umelala namna ulivyokuwa, macho yamefungwa, ujiulize: nilikuwa wapi? Nilikuwa na nani? Kisha simulia, au andika maneno machache ndani ya kaye. Fanya hivyo kila siku kwa majuma mawili au matatu. Ndoto ambayo haisimuliwi hupotea kabla hujamaliza kunawa uso.

Pili, tafuta alama yako. Ukisoma kaye utaona mambo yanayorudi: daraja lililovunjika, mtihani wa shule, marehemu baba, kutafuta mtoto sokoni usimpate. Hiyo ndiyo alama yako. Ukiiona tena, ikukumbushe kujiuliza swali.

Tatu, jiulize mchana. Mara tano au sita kwa siku, simama kidogo uulize kwa kweli: je, sasa ninaota? Funga pua kwa vidole ujaribu kuvuta pumzi. Mchana haiwezekani, katika ndoto mara nyingi unapumua bila shida. Au soma maandishi kwenye mfuko wa unga, geuza macho, kisha soma tena. Katika ndoto maandishi hubadilika. Mazoea ya mchana hutufuata usiku.

Nne, tumia saa za alfajiri. Usingizi huenda kwa mizunguko ya karibu dakika 90, na ndoto ndefu huja kuelekea asubuhi. Watu wengine hutega saa iwaamshe. Mama anayenyonyesha hana haja ya saa: mtoto humwamsha. Ukimaliza kunyonyesha na ukimlaza mtoto, kumbuka ndoto uliyotoka nayo. Jione umerudi ndani yake, unaiona alama yako, unasema: hii ni ndoto. Rudia maneno hayo polepole mpaka usingizi ukuchukue.

Siku utakapojitambua, moyo utadunda kwa furaha, na furaha hiyo inaweza kukuamsha. Tulia. Sugua viganja vyako humo ndani ya ndoto, tazama vitu vilivyo karibu. Wengine hufika baada ya siku chache, wengine baada ya miezi. Usijilazimishe kila usiku, wala usikate usingizi wako kwa ajili ya mazoezi. Mama anayeamka saa kumi na moja kwenda shambani anahitaji kulala kuliko kitu kingine.

Faida yake ni nini?

Faida kubwa ni kwa ndoto mbaya inayorudi. Anayejua kwamba ni ndoto anaweza kusimama, akamgeukia anayemkimbiza, akamwuliza: unataka nini? Mara nyingi hofu hupungua hapo hapo.

Mtoto pia anaweza kusaidiwa, hata kama hajui kujitambua usingizini. Usimsumbue usiku, mshike, mpe maji, alale. Mchana mwambie asimulie ndoto yake, kisha atunge mwisho mwingine autakao yeye: mbwa amefungwa kamba, baba amefika, mlango umefunguka. Auchore, arudie kuusimulia kabla ya kulala. Njia hii husaidia watu wazima pia.

Kuna jambo lingine linalotisha wengi. Unaamka, macho yanaona chumba, lakini mwili haujongei, kifua kimelemewa, sauti haitoki. Wengi husema mchawi amewakalia. Ni ule ulegevu wa mwili wakati wa ndoto ambao haujaisha, wakati akili imekwisha kuamka. Hupita baada ya sekunde au dakika chache. Pumua polepole, jaribu kujongeza kidole kimoja cha mguu. Huja zaidi kwa mtu aliyechoka, na kwa anayelala chali.

Ndoto si shahidi

Aliyewahi kujitambua ndani ya ndoto anaelewa kitu ambacho ni vigumu kumweleza mwingine. Wale watu wote anaowaona humo, akili yake mwenyewe ndiyo iliyowatengeneza. Ukiota mtoto wa shemeji anakupa nyama ule, yule mtoto alikuwa amelala kwenye mkeka wake. Hakuja popote.

Tunalisema wazi kwa sababu katika miji yetu kuna watoto waliofukuzwa nyumbani kwa ajili ya ndoto: ndoto ya mama mkwe, ndoto ya jirani, au ndoto ya mtoto mwenyewe. Mtoto akiulizwa mara kumi "ulikula nini usiku?", mwishowe atajibu "nyama", kusudi wamwache alale. Jibu hilo linachukuliwa kuwa ungamo. Katiba yetu ya mwaka 2006, kifungu cha 41, inakataza kumshitaki mtoto kuwa mchawi. Sheria namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto, kifungu cha 160, inamwekea anayefanya hivyo kifungo cha mwaka 1 hadi 3, pamoja na faini.

Wengine watasema Mungu husema na watu katika ndoto. Hatubishani na imani ya mtu. Ila tukumbuke Yosefu: ndoto ilimwamsha usiku amchukue mtoto na mama yake, awapeleke Misri mtoto apone.

Wakati wa kutafuta msaada

Homa ya malaria huleta ndoto nzito, na dawa fulani pia. Usiache dawa kwa sababu ya ndoto. Ongea na muuguzi wa kituo cha afya. Anayesikia sauti au kuona vitu akiwa macho asifanye mazoezi haya. Aende kwa daktari. Na yule ambaye ndoto yake inarudisha mambo yaliyomtokea kweli, vita, ubakaji, kifo cha mtoto, asibebe peke yake. Huko Bukavu, Hospitali ya Panzi hutibu mwili na kusikiliza moyo pia. Mahali pengine, uliza kituo cha afya palipo msaidizi wa mambo ya moyo na akili.

Kwa mazungumzo ya kikundi

1. Ni ndoto gani inayorudi kwako? Alama yako ni ipi?
2. Mtoto wako akiamka na hofu, ulizoea kumwambia nini? Utamwambia nini sasa?
3. Katika kartie yetu, kuna mtoto anayenyooshewa kidole kwa ajili ya ndoto ya mtu? Nani kati yetu atakwenda kuongea na wazazi wake juma hili?

Mlale salama.